Ndunge na Namba ya Mama Githinji

Watu wa Murera wakikusimulia habari za Ndunge watakwambia ni mwanamke mwenye mkono mwepesi, na hapo hawadanganyi. Mimi Katunge nimekuwa rafiki yake tangu tulipokuwa wasichana wa Kamenu, Thika, tukichota maji kwenye bomba moja, na nimemwona akiwachapa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Alimchapa mvulana wa jirani aliyetucheka Kikamba chetu. Alimchapa muuza kuku sokoni kwa kuku wake mwenyewe. Alipomaliza chuo cha ufundi akaajiriwa na kampuni moja ya mitambo kule Ruiru, na bosi alipomshika kiuno ndani ya stoo, Ndunge akamvunja jino kwa koleo. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, akaja kwangu anacheka.

"Yeye jino, mimi kazi," aliniambia. "Tuko sawa."

Akakodi kibanda kinachopakana na changu mjini Ruiru, kati yetu bati moja tu. Mimi nashona sare za shule. Yeye alitengeneza kamera, mageti ya umeme na ving'ora. Nikimsikia anaitukana mashine kwa Kikamba najua kazi inaenda vizuri. Akinyamaza ndipo ninapoacha cherehani na kwenda kuchungulia.

Familia yake ilikuwa imebaki mtu mmoja, mdogo wake Kyengo, fundi wa kuchomelea madirisha na mageti. Kyengo hajawahi kumpiga mtu maishani mwake. Tulikuwa tukimtania kwamba dada yake aliichukua hasira ya wote wawili tumboni mwa mama, yeye akakuta imekwisha. Wazazi walipofariki Ndunge ndiye aliyemsomesha, na mtu akimtazama Kyengo vibaya ilikuwa afadhali atazame kwingine haraka.

Sote watatu tunaishi Murera, kwenye ploti zilizokatwa kutoka shamba la zamani la kahawa. Ni mahali pazuri kama huna cha kuibiwa. Mwaka juzi wezi walituzoea kabisa. Walimkata mlinzi vidole kwa panga. Walimfunga mwalimu mmoja kwa waya wakamwacha ndani ya tangi tupu hadi akapoteza sauti kwa kupiga mayowe. Halafu nasi tukajifunza yetu. Vijana wawili walichomwa kwa tairi pale kona, mchana, na wanawake wa kanisa langu walikuwepo wakitazama na watoto mgongoni. Mpaka leo nikipita pale napita upande wa pili wa barabara, na siwapendi tena wale wanawake ninavyopaswa kuwapenda.

Basi kamati ya ploti ikamwita Ndunge. Walitaka kila nyumba iwe na kitufe ukutani jikoni. Ukikibonyeza, king'ora kilicho juu ya mnara wa tangi la maji kinalia, kisha spika inataja namba ya ploti yako ili watu wajue pa kukimbilia. Sauti ya spika ilikuwa yangu. Ndunge alinikalisha kibandani nisome namba zote, moja moja, eti nina sauti ya mwalimu mkuu aliyekosa chai. Nilijivunia sana.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi yake, na usiogope, hata mimi wa cherehani nililielewa. Ndunge alinieleza kwa mayai. Mashine huhesabu kama muuza mayai, kwa trei na mayai ya rejareja, ila trei yao inabeba mayai mia mbili hamsini na sita. Ploti ya mia mbili hamsini na nane ni trei moja na mayai mawili. Kwa hiyo kitufe kinatuma hesabu mbili tu hewani: moja, halafu mbili. Shida ni kwamba mashine hazijakubaliana nani atangulie. Mashine nyingi ndogo ndani yake huanza na rejareja. Kwenye mtandao, desturi iliyokubaliwa tangu zamani ni kuanza na trei. Kwa hiyo fundi anatakiwa kugeuza hesabu kabla haijatoka. Asipoigeuza, kitufe kinamaanisha trei moja na mayai mawili, lakini mnara unasikia trei mbili na yai moja. Trei mbili na yai moja ni mia tano kumi na tatu.

Ndunge alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Aliandika programu ya vitufe mara ya kwanza akageuza. Kisha kamati ikabadilisha kifaa cha mnara, akaandika upya usiku na mchana, na mahali fulani katika kuandika huko akasahau kugeuza. Ni kosa ambalo fundi yeyote hulifanya. Ndiyo maana mafundi hujaribu.

Siku ya kufungua mtambo, mwenyekiti wa kamati, Mzee Karanja, alichinja mbuzi nyumbani kwake. Pasta aliomba. Kwetu mtu hawezi kubonyeza kitu kipya kabla ya mwenyekiti, hiyo ni adabu, kwa hiyo jaribio lilifanywa jikoni kwa Karanja, ploti ya mia mbili hamsini na saba. Trei moja, yai moja. Ukiigeuza, inabaki vile vile. Karanja akabonyeza, king'ora kikalia, na sauti yangu ikasema juu ya mnara, "Ploti mia mbili hamsini na saba." Watu wakapiga vigelegele.

Ndunge akachukua mkoba wake. "Chairman, sasa wacha nizunguke hizi ploti zingine nijaribu."

"Wewe msichana, si imeongea?" Karanja akamjibu, mfupa mkononi. "Unataka kutupigia kelele mpaka saa ngapi? Keti ukule nyama."

"Mimi si msichana wako. Na hiyo mashine haijaisha."

"Kwani hujiamini? Tungejua tungeita mwanaume."

Nilimwona Ndunge akikunja ngumi, nikamshika mkono. Hakumpiga. Laiti angempiga, akamaliza hasira yake, akaenda kujaribu. Badala yake alitupa sahani ya nyama kwa mbwa mbele ya wageni wote, akaondoka. Aliapa hatarudi mpaka Karanja aje Ruiru amwombe. Karanja naye alitangaza kwamba atakayebonyeza kitufe kwa mchezo atanyang'anywa. Hivyo viburi viwili vikaketi, kila kimoja kwenye kiti chake, na hakuna aliyebonyeza chochote.

Jumamosi moja mchana Ndunge alikuwa kwangu Murera. Tulikuwa tumepika githeri, mahindi na maharagwe, naye alikuwa akimpakulia Kyengo kwenye sufuria ndogo yenye kifuniko. Kyengo alikuwa na kazi ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba ambayo haijaisha, ya mtu anayeishi Ruiru. Alikuwa anaweka grili madirishani. Ndunge alikuwa na kitufe cha nyumba hiyo ndani ya mkoba, ampe Kyengo amfungie ukutani, maana yeye mwenyewe alikuwa ameapa kutorudi kwenye kazi ya Karanja.

King'ora kikalia. Halafu nikajisikia mimi mwenyewe juu ya mnara, nimetulia kama ninayesoma matangazo ya kanisani: "Ploti mia tano kumi na tatu. Ploti mia tano kumi na tatu."

Ndunge akatabasamu kidogo kwanza, fundi akisikia kazi yake. Kisha uso ukambadilika. "Katunge, hiyo ni kwa Kyengo. Wezi wako kwa Kyengo!"

Tulikimbia, yeye na sufuria mkononi na mkoba begani. Njia nzima ilikuwa imejaa wanaume wanaokimbilia huko huko, na mipini ya majembe, na mawe, na vyuma. Karanja alikuwepo na shoka. Mbele yao wote alikuwa Githinji, jirani yake Karanja, kijana mwenye pikipiki na mabega mapana, ambaye kila Jumamosi hukata nyasi za ng'ombe wa mama yake. Alipita mbio mbele ya geti la mama yake mwenyewe. Walipita wote. King'ora kilikuwa kinalia kwa nguvu hata usingesikia mtu aliye kando yako.

Kyengo naye alikuwa amesikia namba. Alijua ndiyo ploti aliyopo, akafikiri mwizi ameingilia nyuma ya nyumba. Akaruka kwenye dirisha lililokuwa bado halina grili, na nyundo mkononi, akimbie kusaidia. Hivyo ndivyo walivyomkuta: mtu ambaye hawakumtambua, anaruka kutoka dirisha la nyumba isiyo na mwenyewe, ameshika nyundo.

"Huyo! Huyo! Mwizi!"

Githinji alimfikia kwanza. Mpini wa jembe ulimpiga Kyengo juu ya jicho, nikasikia sauti ya pigo kabla sijaona damu. Alianguka magoti akiinua mikono, akisema, "Mimi fundi, mimi fundi." Jiwe likamziba mdomo. Wakamvuta shati likachanika, wakampiga mateke ya mbavu, na mtu mmoja mzima, baba wa watoto ninaowashonea sare, alikuwa anapiga vidole vya Kyengo kwa chuma, taratibu, kimoja baada ya kingine, kama anayepasua kokoto. Nyuma yangu nilisikia mtu anauliza, "Tairi iko wapi?" na mwingine akajibu, "Inaletwa."

Ndunge aliingia pale kwa sufuria. Alimmwagia wa kwanza githeri ya moto usoni. Wa pili alimpiga kwa sufuria yenyewe mpaka ikajikunja. Alimng'ata mtu sikio na kulitema. Nimemwona akipigana maisha yake yote, lakini siku ile hakuwa anapigana, alikuwa anachimba, anawachimbua watu juu ya ndugu yake. Alipomfikia alimlalia.

"Huyu ni brother yangu! Ni Kyengo! Ni fundi!"

"Ni bibi ya mwizi!" alijibu mtu wa nyuma asiyemwona. "Pigeni wote!"

Chuma kikashuka kwenye mkono wake wa kushoto ukavunjika. Mimi nilikuwa nimeshikwa nywele na mwanamke mmoja, napiga mayowe ambayo hakuna aliyeyasikia, na sioni haya kusema kwamba nilimkwangua uso hadi nyama. Tairi likafika. Nililiona likipita juu ya vichwa vya watu, jeusi, linapitishwa mkono kwa mkono bila haraka.

Ndipo Ndunge, akiwa bado amemlalia Kyengo, akainua kichwa na kupiga kelele kwa sauti niliyoisikia mifupani. "Nani alibonyeza? Nani alibonyeza, nyinyi wajinga? Hii nyumba haina kitufe! Kitufe ya hii nyumba iko kwa mkoba yangu!"

Akakitoa kwa mkono uliobaki mzima, akakiinua. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, na namba 513 imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mwenye tairi akasimama. Nilimwona Ndunge akikitazama kitufe kile, akiwaza. Midomo yake ilisema kitu kimyakimya, na mimi niliyesimuliwa mayai nilijua anahesabu trei. Uso wake ukawa wa majivu.

"Ngoja," alisema. "Ngojeni. Sikilizeni mnara."

Akakibonyeza. King'ora kikalia juu ya tangi, kisha sauti yangu ikatamka, ile ile tulivu: "Ploti mia mbili hamsini na nane. Ploti mia mbili hamsini na nane."

Githinji alikuwa bado ameinua mpini. Damu ilikuwa inamtiririka kiganjani mwake na haikuwa yake.

"Hiyo ni kwetu," alisema.

Akautupa mpini, akakimbia. Nusu ya watu wakamfuata. Nusu nyingine waligundua ghafla kwamba wana kazi nyumbani.

Mama Githinji, Wakonyo kwa jina lake, alikuwa amelala kwenye mlango wa jikoni. Hapakuwa na mwizi hata mmoja. Ng'ombe aliyekuwa amezaa karibuni alimgeukia ndani ya zizi, akamkandamiza ukutani na kumchoma pembe ubavuni. Mama alitambaa kutoka zizini hadi jikoni, njia yake yote ya damu ikionekana kwenye saruji, akajivuta kwa mguu wa meza, akabonyeza. Kisha akalala kusubiri. Ukuta wa Karanja uko hatua chache tu kutoka pale. Angeweza kuita, na pengine aliita, lakini nani angemsikia juu ya kile king'ora alichokibonyeza mwenyewe?

Kulikuwa na pikapu moja tu iliyopatikana haraka, ya Karanja. Waliwalaza wote wawili nyuma, Kyengo upande mmoja na Mama Githinji upande mwingine, na sisi tukapanda nao kwenda Thika. Wale wale wanaume waliompiga Kyengo ndio waliombeba mama, polepole, wakiambiana, "Shika kichwa vizuri." Nilitamani kuwatapikia.

Karibu na mjini Mama Githinji alifumbua macho. Alimtazama mwanawe, kisha akageuza kichwa akamwona Kyengo, uso umevimba hauna tena umbo la uso, jicho moja limekwisha.

"Ngai," alimwita Mungu kwa Kikuyu chake. "Githinji wakwa, Githinji wangu, huyu mtoto wa wenyewe amefanywa nini?"

Githinji alikuwa amemshika mama yake mkono. Mkono wake mwingine aliufuta damu kwenye suruali.

"Nani amempiga hivi?"

Pikapu ilipita kwenye mashimo, tukarushwa wote. Ndunge, mkono wake ukining'inia, alikuwa anamtazama Githinji machoni, na ndiye aliyekuwa na haki ya kumjibu yule mama. Alinyamaza. Sijui kama nami ningeweza kumhurumia mama hivyo.

"Nilisikia ikilia," mama aliendelea, kwa sauti ndogo. "Nikasema, Githinji yuko karibu. Ni kufungua geti tu."

Alifariki kabla hatujafika hospitalini. Daktari alisema alikuwa amevuja damu kwa muda mrefu mno, na angefikishwa mapema angeshonwa. Alisema hivyo mbele ya Githinji bila kujua anasema nini.

Kyengo alipona, kama kupona ni kuishi. Jicho moja, na vidole vitatu visivyokunjika. Polisi walikuja Murera kuandika maelezo, na ajabu, kila mtu alifika mwisho, akakuta watu wameshapiga. Ndunge peke yake ndiye aliyesema, mbele ya polisi na tena kanisani siku ya mazishi: kosa la namba ni langu, sikugeuza, na sikujaribu kwa sababu nilikasirika. Watu walitikisa vichwa kwa furaha. Walikuwa wamepata wa kulaumu.

Wiki zilizofuata hakutukana mashine hata moja. Nilisikia ukimya ule kupitia bati na nikashindwa kushona.

Githinji alikuja Ruiru mchana, na mtaimbo. Hakusalimu. Alivunja kamera zilizokuwa mezani, akavunja kioo, akapiga bati letu mpaka cherehani yangu ikaruka. Kyengo alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni na bandeji yake, na Githinji hakumwona au hakutaka kumwona. Watu walianza kukusanyika. Ndunge alisimama katikati ya vyombo vyake, mkono ndani ya plasta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuinua hata kidole.

"Uliua mathe!" Githinji alipiga kelele. "Namba yako iliua mathe wangu!"

"Namba ilikuwa yangu," Ndunge alisema. "Nimesema kila mahali, na wewe nakuambia. Lakini hiyo mashine haikusema mwizi. Ilisema ploti. Mwizi mlisema nyinyi."

"Nyamaza!"

Akainua mtaimbo, na ulikuwa unalenga kichwa. Nilifumba macho. Sikusikia pigo. Nilisikia mlio mdogo wa king'ora, kisha nikajisikia mimi mwenyewe kutoka spika ya majaribio kwenye meza ya nyuma, tulivu vile vile: "Ploti mia mbili hamsini na nane."

Nilipofumbua macho Ndunge alikuwa ameshika kitufe cha jikoni kwa Mama Githinji. Alikuwa ameking'oa ukutani baada ya mazishi, akakitengeneza, akageuza alichopaswa kugeuza. Kilikuwa bado na alama ya kidole cha damu iliyokauka. Sasa kilisema kweli. Akabonyeza tena, akimtazama Githinji, na sauti yangu ikamwita tena nyumbani kwa mama yake. Nimesema nimemwona akiwapiga watu wengi. Hilo ndilo pigo baya kuliko yote niliyomwona akipiga, na alilipiga kwa kidole kimoja.

Githinji aliketi chini kwenye vioo. Alilia mpaka watu wakaona haya na kuondoka. Kyengo ndiye aliyeinuka, akapapasa meza kwa sababu bado hakuwa amezoea jicho moja, akamwondolea mtaimbo mkononi na kuusimamisha kwenye kona. Githinji alimtazama ule uso kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini haikusema anaumwa?" aliuliza. Hakuwa akimuuliza Kyengo hasa. "Si ingesema tu ni mtu anaumwa?"

Ndunge alikiweka kitufe mezani, akafunika uso kwa plasta yake, akalia naye.

Jioni hiyo, tulipomaliza kufagia vioo, alikuja upande wangu na kile kifaa cha kurekodia. Alisema namba ziko sawa, hizo tusiziguse. Alitaka nisome maneno mawili tu, yawekwe kwanza, kabla ya namba yoyote ya ploti yoyote. Nilijaribu kusoma kwa ile sauti ya mwalimu mkuu, ikakataa, ikatoka inatetemeka. Nikaomba nirudie.

"Hapana," Ndunge alisema. "Iache hivyo hivyo."

Ndivyo mnara wa Murera unavyosema hadi leo: anaomba msaada.